DAGAA JELA, PAPA KWENYE MZANI

Jamani, tusidanganyane. Anayekata waya wa shaba kwenye reli ni mwizi, na hapa hatetewi mwizi. Treni ya umeme ilianza kuingia Dodoma Julai 2024, kwa kodi na madeni ya walalahoi. Ikisimama porini kwa sababu waya umekatwa, tunaoumia ni mimi na wewe, si kigogo mwenye shangingi.

Lakini hebu tuulizane, ndugu zangu wa Majengo, Chang'ombe na Nkuhungu. Shaba inaliwa? Kuna mama lishe anayeunga mchuzi kwa nondo? Waya hauibwi ili ukae uvunguni. Unaibwa kwa sababu kuna mtu na mzani wake, anapima kilo, anatoa noti, haulizi kitu. Nyuma yake kuna mwenye ghala, nyuma ya ghala kuna lori, nyuma ya lori kuna tanuri. Chuma kikishayeyuka hakina jina la mwenyewe, na ushahidi umeyeyuka nacho.

Sasa tazama sheria zetu. Ukinaswa kwa uhujumu uchumi, Sheria ya mwaka 1984 kama ilivyorekebishwa 2016 inakupa miaka 20 hadi 30. Hapo ndipo dagaa anapokaangwa. Biashara yenyewe ya chuma chakavu imetupwa kwenye kanuni za taka hatarishi, chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kana kwamba tatizo ni uchafu tu! Kupokea mali ya wizi ni kosa, sawa. Utamthibitishiaje mtu aliyekwisha kuyeyusha?

Wakenya walitunga Sheria ya Chuma Chakavu mwaka 2015, na baraza la kutoa leseni juu yake. Januari 2022 minara ya umeme ikaanguka, nchi ikaingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta akafunga biashara nzima. Waliolala njaa ni vijana wa mikokoteni, wezi na wasio wezi. Baadaye mwaka huo huo ikafunguliwa kwa masharti mapya. Sheria isiyosimamiwa ni karatasi ya kufungia maandazi.

Bunge liko hapa hapa Dodoma. Litunge sheria ya mzani. Mnunuzi aandike jina, kitambulisho na uzito. Alipe kwa simu, si mkononi. Asiyeyushe kabla mzigo haujakaguliwa. Waya wa reli na mfuniko wa chemba visipimwe bila barua ya mwenye mali. Akikutwa navyo, leseni ifutwe, naye apande karandinga lile lile na dagaa wake. Kijana anayeokota skrepa halali apewe kitambulisho, afanye kazi kama binadamu.

CCM iko madarakani tangu 1977. Isituambie haijui mizani iko wapi. Mgambo wa kukimbiza mikokoteni hawakosekani. Wa kugonga geti la papa wako wapi?