Mwalimu Mgeni na Apige Hodi

Ndugu wananchi, maneno haya tumeyavumilia muda mrefu, na sasa tunayajibu. Kando ya barabara ya Bagamoyo, kuanzia Mapinga hadi Kerege na Zinga, shule zimeota kama uyoga baada ya mvua, na pamoja na shule wamekuja walimu wageni. Wako waliotoka Ulaya na Marekani kwa kujitolea miezi michache. Wako ndugu zetu wa Kenya na Uganda walioajiriwa kwa ajili ya Kiingereza chao. Wengi wao ni watu wa kazi. Lakini wako ambao hawajamaliza muhula mmoja na tayari wana hukumu mkononi: ati watu wa huku hawana adabu. Ati tunapoteza wakati kwa salamu. Ati tunauliza mambo yasiyotuhusu. Ati watoto wetu ni waongo, hawamtazami mtu machoni.

Kwanza tuseme wazi: sisi hatuwachukii walimu wageni. Nchi hii ilipopata Uhuru, Desemba 9, 1961, walimu wa sekondari wazalendo walikuwa wachache mno. Mwaka ule ule ulianza mpango wa kuleta walimu Afrika ya Mashariki, ukisimamiwa na Chuo cha Walimu cha Columbia, New York, na vijana wa Kimarekani wakaja kufundisha Tanganyika, Uganda na Kenya. Watu wazima wengi walioshika kazi za taifa hili walipita mikononi mwa walimu wa namna hiyo. Tunashukuru. Lakini kushukuru si kufumba mdomo, na mtu aliyekusaidia jana hana ruhusa ya kukutukana leo.

Basi tuyachukue mashtaka moja moja.

La kwanza ni salamu. Mwalimu mgeni anaingia ofisini asubuhi. Anawapita wazee wawili waliokaa kwenye benchi, anamfikia karani na kusema: "Chaki ziko wapi?" Karani anainama kwenye daftari lake. Wazee wanatazamana. Chaki hazionekani mpaka saa nne. Jioni mwalimu anaandika kwao kwamba Waafrika ni wavivu. Hakuna aliyekuwa mvivu pale. Alijibiwa kwa kipimo alichokuja nacho. Angesema "Shikamooni wazee," akaitikiwa "Marahaba," akamwuliza karani habari za nyumbani, chaki angezipata mara moja, tena angebebewa mpaka darasani.

Wanasema salamu zetu ni ndefu na za uongo, maana mtu mgonjwa naye hujibu "nzuri." Hawakusikiliza mpaka mwisho. Mtu hujibu "nzuri," halafu husema: "ila mtoto ana homa tangu juzi." Kwa njia hiyo ndiyo habari za kijiji hupita. Mwalimu anayesalimu njiani kwa dakika mbili atajua kwa nini mwanafunzi wake hakuja shule. Yule anayepita kwa haraka atamwandika mtoro.

La pili ni la macho na kimya, na hili ndilo zito kuliko yote. Mtoto wa Kizaramo au wa Kikwere amefundishwa na bibi yake asimkazie macho mtu mzima anayesema naye. Anapokea kitu kwa mikono miwili au kwa mkono wa kulia, anajibu kwa sauti ya chini. Nyumbani huyo ni mtoto mwenye adabu. Anafika darasani, mwalimu mgeni anamtazama na kuandika kwenye ripoti: "Hajiamini. Ana jambo analificha." Mzazi anasoma na kushangaa. Amemlea mwanawe miaka kumi awe hivyo, naye anarudishiwa kama kasoro!

Au mwalimu anauliza darasa zima: "Mmeelewa?" Wote wanajibu: "Ndiyooo!" Akitoa mtihani anaona hawakuelewa, naye anapiga kelele kwamba watoto hawa ni waongo. Hawakusema uongo. Mtoto wa huku anajua kwamba kusimama mbele ya watu na kusema "hatukuelewa" ni kumwambia mwalimu: "umeshindwa kufundisha." Nani aliyemfundisha kumwaibisha mkubwa hadharani? Walimu wetu wanalijua hilo. Humwita mmoja ubaoni afanye hesabu, huwaacha watoto waulizane wenyewe kwa wenyewe, humfuata aliye nyuma pembeni baada ya kengele. Hii ni kazi ya ualimu, na mgeni anaweza kujifunza kwa wiki moja akitaka.

Ndugu, jambo hili si la kuchekea barazani, maana kalamu iko mkononi mwa mwalimu. Mzungu anayetuona hatuna adabu akiwa mtalii, atapanda ndege na yataishia hapo. Akiwa mwalimu, dharau yake inaingia kwenye ripoti, na mtoto anaibeba mpaka utu uzima.

La tatu ni maswali. "Unakwenda wapi? Umeoa? Una watoto wangapi? Mbona mama yako umemwacha mbali?" Mgeni anaona anachunguzwa kama na polisi. Lakini huyo aliyekuuliza unakwenda wapi ndiye atakayejua pa kukutafuta giza likiingia nawe hujarudi. Kwetu mtu ambaye hakuna anayemwuliza kitu ni mtu asiye na watu. Na ukijikwaa, mpita njia akakwambia "pole," usimjibu kwa ukali kwamba si kosa lake. Anajua si kosa lake. Anakwambia kwamba amekuona.

La nne linatoka kwa majirani zetu. Ndugu zetu wa Kenya hucheka kwamba Mtanzania akiingia dukani na fedha yake mfukoni bado anasema "naomba soda." Wao husema "nipe," nao hawana nia mbaya, ndiyo mazoea yao. Lakini mwalimu akimwambia mpishi wa shule "lete chai" mbele ya watoto, watoto wanajifunza kitu. Wanajifunza kwamba mpishi si mtu. Fedha hununua soda, haimnunui muuzaji. Jambo hilo tunataka watoto wetu walijue kabla ya Kiingereza.

Sasa mgeni atajitetea: "Hakuna aliyenieleza." Utetezi huo haufai, na hasa haufai Bagamoyo. Mtu wa hapa hapa, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikwenda Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Aliandika habari za desturi zetu kwa mkono wake: kuzaliwa kwa mtoto, mafunzo yake, ngoma, ndoa, adabu, msiba. Kitabu kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa usimamizi wa Carl Velten, kikiitwa Desturi za Wasuaheli. Mwaka 1981 kilitoka kwa Kiingereza nchini Marekani. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja mtu wa Ulaya aliyetaka kujua adabu za pwani hii ameweza kuzisoma kwenye lugha yake mwenyewe, kutoka kwa mwenyeji, bila kuuliza mtu barabarani.

Na tumtazame Mtoro huyo kwa jicho la pili, maana naye alikuwa mwalimu mgeni katika nchi ya watu. Je, yeye alipokewaje? Alikuwa na elimu ya dini, alijua kazi yake, alifundisha maofisa waliokuwa wakijitayarisha kuja kututawala. Wako wanafunzi waliomdharau kwa rangi yake. Alipomwoa mwanamke wa Kijerumani na mwaka 1905 akasafiri naye kurudi kwao, serikali ya kikoloni ilikataa washuke Dar es Salaam kama mume na mke. Walirudi Ujerumani. Bagamoyo hakuiona tena. Alifariki Berlin mwaka 1927. Huyo ndiye mwalimu mgeni mwenye haki ya kulalamika! Anayelalamika leo kwamba Mapinga tumemwuliza ana watoto wangapi, ajipime na Mtoro kabla hajashika kalamu.

Tena yako mafunzo ya karibu zaidi. Oktoba 1961, huko Ibadan, Nigeria, msichana mmoja wa Kimarekani wa Peace Corps aliyekuwa akijifunza kabla ya kupelekwa kufundisha aliandika kadi ya posta kwao, akieleza jinsi watu wanavyoishi katika uchafu na hali ya kishenzi, na kwamba kupika na kuuza na kila kitu hufanyika barabarani. Kadi iliokotwa, wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaipiga chapa na kuitawanya, wakaandamana. Msichana akaondoka Nigeria. Wengine walisema wanafunzi wale walikuza jambo dogo. Sisi twasema walielewa vizuri. Mtu hawezi kuwafundisha asubuhi watu anaowaita washenzi jioni. Peace Corps wenyewe walipata somo: hapa Tanzania wamezoea kuwaweka vijana wao kwanza katika nyumba za wananchi kwa wiki kadhaa, wakila nao na kujifunza Kiswahili, ndipo wapelekwe shuleni. Kama Wamarekani wameweza, shule ya kando ya barabara inashindwa nini?

Hata zamani za misheni walikuwapo waliojua kukaa na watu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Mmoja wao, Padri Charles Sacleux, aliishi pwani hii miaka mingi akisikiliza watu wanavyosema, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka mwaka 1939, wataalamu wanaitumia hata leo. Kamusi kama ile haiandikwi na mtu anayewapita wazee kwenye benchi.

Lakini nyani haoni kundule, nasi tusijifanye malaika. Mgeni anaposema tunachelewa, anasema kweli. Kuchelewa si mila. Mkulima wa muhogo hachelewi mvua, na mvuvi wa Kaole hachelewi maji. Mtu anayefika kwenye mkutano wa wazazi saa mbili baadaye na kusema "ndiyo Uafrika" anautukana Uafrika. Tena msiba ni wajibu wetu, lakini kufunga darasa siku nne kwa ajili ya msiba wa mtu wa mbali ni utoro uliovaa kanga ya heshima. Na mgeni anapochukizwa na viboko, tusimjibu kwa jina la mila. Wazee wetu walikuwa na jina la viboko vya Mjerumani: hamsa ishirini. Tuliyopigwa na mkoloni tusiyaite urithi wa babu.

Kubwa zaidi ni kasumba yetu wenyewe. Nani anayemlipia mtoto ada kubwa ili asahau shikamoo? Ni sisi. Zipo shule zinazomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili katika nchi ya Kiswahili, na wazazi wanapiga makofi. Nani anayecheka pamoja na mgeni anapomwiga bibi kizee anavyosalimu? Ni mwenye shule, mwenzetu, anayeogopa mgeni asiondoke. Mwacha mila ni mtumwa, na mtumwa wa kujitakia hana wa kumkomboa. Nchi hii ina bahati kwamba kiongozi wake wa kwanza alitoka darasani Pugu mwaka 1955 akaacha kazi kwa ajili ya TANU, na jina lililomkaa mpaka kaburini ni Mwalimu. Hatuwezi kulichezea jina hilo.

Kwa hiyo tunataka mambo haya, na tunawaomba wanachama wayapeleke kwenye mikutano ya matawi na kamati za shule.

Mwalimu mgeni yeyote, kabla hajashika chaki, apelekwe na mkuu wa shule kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji na kwa balozi wa shina, ajulishwe kwa wazee, afundishwe salamu, hodi, pole na naomba. Siku tatu zatosha kuanza.

Ripoti yoyote inayosema mtoto hajiamini au mwongo, mzazi asiikunje mfukoni. Aende shuleni, aulize kwa heshima: mwalimu ameona nini?

Na sisi wenyeji tuache kuwapigia kelele za "mzungu! mzungu!" njiani, tuache kuwapandishia nauli ya bodaboda, na tuache kumsengenya mgeni barazani badala ya kumwita na kumwambia kosa lake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mwalimu ni kuambiwa kweli.

Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi. Mwalimu mgeni hatarudishwa. Tunamhitaji, na nyumba ina watu. Tunachotaka ni kwamba asimame mlangoni, apige hodi, asubiri kusikia karibu. Akiingia hivyo, atakuta watoto wanaomtazama, si kwa macho makavu kama alivyozoea, bali kwa masikio yaliyo wazi.

Uhuru na Kazi!