Majeshi yamebeba baruti, walenga shabaha wabaki na maganda matupu

KWENYE soka ukikosa mpira unaazima mtaa wa pili, mchezo unaendelea. Kwenye kulenga shabaha ukikosa baruti umekwisha, unafuta bunduki yako na kulala. Huko Marekani na Ulaya, hali hiyo imewakumba wachezaji wengi wa mchezo huo tangu 2020.

Najua umefungua ukurasa huu kutafuta habari za dabi. Tulia kwanza, maana ishu hii inaonyesha mchezo unavyoweza kukabwa koo na vitu visivyohusiana na uwanja.

Iko hivi. Walenga shabaha wengi wa masafa marefu hawatumii risasi za dukani. Wanajitengenezea wenyewe nyumbani, na sheria za nchi zao zinaruhusu. Sababu ni bei na usahihi. Ukipiga shabaha iliyo mita 1,000, tofauti ndogo tu ya baruti kati ya risasi moja na nyingine inakutoa nje ya duara.

Risasi moja ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ya kuwashia, baruti na kichwa chenyewe. Ganda unaliokota na kulitumia tena mara kadhaa. Hivyo vingine vitatu vikitoka vimetoka. Kikikosekana kimoja tu, vilivyobaki ni mapambo ya kabati.

Sasa piga hesabu. Risasi ya masafa marefu inakula baruti kama gramu 2.6. Kopo la pauni moja, yaani gramu 453, linatoa risasi 170 hivi. Mashindano ya siku mbili yanaweza kula risasi 200. Kopo zima halimalizi hata shindano moja, na hapo hujafanya mazoezi.

Balaa lilianza 2020. Corona, vurugu za mitaani na uchaguzi vikawafanya Wamarekani wakimbilie silaha. Ukaguzi wa FBI unaohusu silaha ulifika milioni 39.7 mwaka huo, rekodi wakati huo. Cha ajabu, Julai mwaka huohuo kampuni ya Remington ikafilisika, sokoni watu wakiwa wanagombea risasi.

Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na hapo kibao kikageuka. Foleni ya baruti ikawa na mteja mpya, mwenye pesa za serikali. Mizinga mikubwa na bunduki za michezo zote zinategemea nitroselulosi, na hiyo inatengenezwa kwa pamba.

Ndugu zetu wa Shinyanga na Simiyu wanaelewa hapa. Pamba ikishachambuliwa, kwenye mbegu hubaki manyoya mafupi ambayo hayafai kusokota uzi. Manyoya hayo ndiyo yanayotafutwa na viwanda vya baruti. Bosi wa Rheinmetall ya Ujerumani, Armin Papperger, alisema 2024 kwamba Ulaya inategemea China kwa zaidi ya asilimia 70 ya manyoya hayo. Machi mwaka huo Umoja wa Ulaya ukamwaga euro milioni 500 kuongeza uzalishaji wa makombora na baruti yake.

Mlenga shabaha wa kawaida atashindana vipi na mnunuzi wa namna hiyo? Hawezi. Mapema 2024 kampuni ya Vista Outdoor iliwaandikia wateja wake kwamba baruti inatarajiwa kuadimika duniani, na bei zitapanda kuanzia Aprili. Mwaka 2025 Rheinmetall ikainunua Hagedorn-NC, iliyokuwa ikitengeneza nitroselulosi ya matumizi ya kiraia, ili izalishe kwa ajili ya jeshi.

Kwenye fataki nako kuna kasheshe. Majina makubwa Marekani ni manne: CCI, Federal, Remington na Winchester. Matatu ya kwanza yalikuwa chini ya Vista, na Novemba 2024 yakauzwa kwa kampuni ya Kicheki ya CSG katika dili la dola bilioni 2.2. Winchester ni ya Olin, ambayo tangu Oktoba 2020 inaendesha pia kiwanda cha risasi cha jeshi la Marekani cha Lake City. Ligi yenye wenye timu wawili tu haiwezi kuwa na ushindani wa bei.

Wachezaji wanafanyaje? Wengine wanapunguza mazoezi ya risasi kubwa na kupiga .22, ambayo ni rahisi. Wengine wanafanya mazoezi ya bunduki tupu, pumzi na kidole tu. Hao wako salama.

Wasiwasi upo kwa wanaobadilisha vitu kienyeji. Kocha akimkosa namba sita wake, hachukui straika akamwambia cheza hapohapo vilevile. Anapanga upya mfumo. Baruti nayo ndivyo ilivyo. Kila aina inaungua kwa kasi yake, na hata fataki ya kampuni nyingine inabadilisha mgandamizo. Ukibadilisha kitu kimoja unarudi kwenye vipimo vya mtengenezaji, unaanza chini na kupanda taratibu. Anayeweka baruti mpya kwa kipimo cha zamani anaweza kupasua bunduki karibu kabisa na jicho lake. Uhaba hauui mtu, ila haraka ya kuukwepa inaweza kumuua.

Halafu kuna walimbikizaji. Wanafanya kama walanguzi wa tiketi za dabi ya Kariakoo: wakisikia fununu wanabeba maboksi kumi, kisha wanashangaa rafu ziko tupu. Viwanda haviwezi kuongeza uzalishaji ndani ya wiki moja, kwa hiyo hofu yao ndiyo inayotimiza fununu. Anayeumia ni kijana anayeanza, asiye na stoo wala mfuko.

Kwa mtazamo wangu, hata vita vikiisha kesho nafuu haitakuja haraka. Nchi za Ulaya zina maghala ya kujaza kwa miaka. Vyama vya mchezo huu visikae kusubiri huruma ya viwanda. Vinunue kwa pamoja, vigawe kwa kiwango, na viwatangulize vijana. La sivyo, watakaobaki kwenye mstari wa kufyatua ni wazee waliojaza stoo zao kabla ya 2020.