Cherehani pekee haitoshi, fundi asomee na biashara

KILA mwaka baada ya mavuno, wazazi wengi vijijini hufanya uamuzi unaofanana. Magunia kadhaa ya mahindi au mzigo wa pamba huuzwa, na fedha inayopatikana hulipa ada ya kijana aliyemaliza shule bila kuendelea, ili akajifunze ushonaji.

Ni uamuzi wenye busara. Ushonaji hauhitaji shamba wala jengo kubwa, na hakuna kijiji ambacho watu wake hawavai nguo.

Hata hivyo, wengi wa vijana hao hurudi nyumbani na cheti pamoja na cherehani moja, kisha wanakaa barazani kusubiri mteja wa kupunguza suruali ya mtumba au kubadilisha zipu. Baada ya miaka miwili cherehani imefunikwa kitambaa na fundi amerudi shambani.

Swali la kujiuliza ni kwamba, kama kijana anajua kushona, anakwama wapi?

Vyuo vya kumfundisha vipo. Serikali ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na leo viko 54 nchini. Aidha, ipo VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo inatoa fani ya ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo kwa ngazi. Sera ya elimu, toleo la mwaka 2023, nayo imeingiza mkondo wa amali katika sekondari.

Kwa hiyo tatizo haliko kwenye uhaba wa mahali pa kujifunza kukata na kushona. Liko kwenye somo la pili, ambalo mwanafunzi wengi hulipita harakaharaka au hulipuuza kabisa, nalo ni biashara ya mavazi.

Somo hilo ndilo linalomfundisha mtu anunue kitambaa gani, kiasi gani na wakati gani, apange bei vipi, aweke akiba ya nguo ngapi na amuuzie nani.

Wenzetu wa Marekani waliliona jambo hili mapema. Huko vipo vyuo vya jamii, vinavyotoa masomo ya miaka miwili kwa watu wa eneo husika. Chuo cha Fashion Institute of Technology cha New York kilianzishwa mwaka 1944, wakati wenye viwanda vya nguo walipohofia kukosa mafundi wa kurithi kazi ya wazee. Baadaye kikaingizwa katika mfumo wa vyuo vya jamii vya jimbo hilo.

Chuoni hapo biashara ya mavazi ni fani kamili, sambamba na ubunifu. Anayechora gauni na anayepanga bei ya gauni wote wanahesabiwa kuwa wana utaalamu.

Fundi wa kijijini hana mtu wa kumpangia bei. Kazi zote mbili ni zake.

Hesabu ya sketi moja

Tuchukue mfano wa sketi ya shule. Bei zilizotumika hapa ni za kukadiria tu, na kila fundi aweke za sokoni kwake.

Fundi ananunua kitambaa cha rejareja mita moja na nusu kwa Sh 4,000 kila mita, yaani Sh 6,000. Uzi, zipu na kifungo ni Sh 1,000. Sehemu ya nauli ya kwenda mjini ni Sh 500, na sehemu ya pango na umeme ni Sh 800. Jumla ni Sh 8,300. Akiuza sketi kwa Sh 10,000, anabaki na Sh 1,700, na humo ndimo yamo malipo ya kazi yake na uchakavu wa cherehani.

Sasa tuseme mafundi watatu wamechanga na kununua jora zima kwa bei ya jumla, mita ikashuka hadi Sh 3,000. Kitambaa cha sketi hiyo sasa ni Sh 4,500 na gharama yote Sh 6,800. Kinachobaki ni Sh 3,200, karibu mara mbili ya mwanzo.

Ushonaji haujabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni ununuzi.

Kuna faida nyingine kwenye meza ya kukatia. Fundi anayekata sketi sita kwa pamoja, akapanga patroni zake vizuri, hutupa vipande vichache kuliko anayekata moja moja kila mteja anapofika.

Mafundi wengi hawafanyi hesabu hii. Wanatazama fundi wa jirani anatoza kiasi gani, nao wanapunguza kidogo ili wapate mteja. Matokeo yake ni kwamba wote wawili wanafanya kazi ya hasara bila kujua.

Kalenda ya mkulima

Fundi wa kijijini anategemea fedha ya mkulima, na fedha hiyo ina msimu wake. Katika mikoa ya pamba kama Simiyu na Shinyanga, ununuzi huanza mwezi Mei, hivyo fedha huonekana katikati ya mwaka. Masasi na Newala, fedha ya korosho huanza kuingia mwezi Oktoba.

Shule hufunguliwa Januari. Mzazi wa Masasi anaweza kununua sare wakati mkono wake una kitu, lakini mzazi wa Simiyu anafika Januari akiwa ameshatumia fedha ya pamba, na mvua inamdai palizi.

Fundi aliyesoma biashara hatasubiri Januari. Ataanza Julai, achukue vipimo na kuacha nafasi ya mtoto kukua, kisha mzazi adundulize malipo hadi Desemba. Fedha hiyo ya kutanguliza ndiyo inayonunua jora.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Fedha ya mteja si faida. Anayeila kabla ya kushona atakosa nguo na fedha, na kijijini habari ya namna hiyo haichukui siku mbili kuenea. Ndiyo maana daftari la malipo ni kifaa cha kazi sawa na mkasi.

Mitumba haijaondoka

Wapo wanaosema ushonaji hautalipa mpaka mitumba ipigwe marufuku. Historia ya karibuni haiungi mkono matumaini hayo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa zimekwisha kurudi nyuma.

Mitumba, kwa hiyo, itaendelea kuwapo. Fundi atafute mahali ambapo haifiki. Mtumba hauwezi kuwa sare ya shule, sare ya kwaya, kitenge cha harusi cha watu ishirini waliovaa mamoja, wala pazia la kipimo cha dirisha la mteja. Oda za namna hii huja kwa wingi na kwa tarehe inayojulikana, jambo linalorahisisha kununua kwa jumla.

Kuhusu mtaji, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Hutolewa zaidi kwa vikundi, na kikundi cha wahitimu chenye oda mkononi na daftari la hesabu kina hoja ya kujenga mbele ya ofisa maendeleo ya jamii.

Wito wetu kwa mzazi ni huu: kabla ya kuuza gunia la ada, nenda chuoni ukaulize. Je, mwanafunzi atafundishwa kupanga bei? Atapelekwa sokoni kuona vitambaa vinavyouzwa kwa jumla? Atashona oda za wateja halisi na kuandika mapato yake? Kama jibu ni hapana, mwombe mkuu wa chuo aanzishe, maana karakana ipo, wanafunzi wapo na shule jirani zinahitaji sare.

Vyuo navyo visijipime kwa idadi ya vyeti vinavyotoa. Vifuatilie wahitimu wao baada ya mwaka mmoja, vihesabu cherehani ngapi bado zinafanya kazi.

Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Fundi asiyejua hesabu hiyo ya jioni, gunia la mzazi wake limepotea.