Daftari Letu Lisikae kwa Jirani

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo yafaa tuulize: je, daftari likikaa kwa mtu mwingine, mali ni ya nani?

Mwendesha baiskeli wa siku hizi hufunga kifaa kidogo kwenye usukani. Kifaa hicho huandika, karibu kila sekunde, mahali alipo, mwendo wake, na hata mapigo ya moyo wake. Kumbukumbu hiyo ni tunda la jasho lake. Lakini akifika nyumbani huipeleka yote katika ghala la kompyuta la mtengenezaji, kisha hubisha hodi kila anapotaka kuisoma.

Wako wanaodai kwamba ghala hilo ni la kutegemewa. Tarehe 23 Julai 2020 wahalifu walizifunga kompyuta za kampuni ya Garmin, na huduma zake zikasimama kwa siku kadhaa. Wenye kumbukumbu wakabaki mlangoni.

Wako pia wanaodai kwamba siri hutunzwa. Novemba 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya njia walizopita wateja wake bila kutaja majina. Januari 2018 ikabainika kwamba ramani hiyo ilifichua nyendo za askari katika kambi za Syria na Afghanistan. Ikiwa askari hakufichika, mwalimu atokaye nyumbani kwake kila alfajiri atafichwa na nani?

Dawa ipo, wala si ya gharama. Vifaa vingi huweka kila safari ndani yake kama faili, nayo hutolewa kwa waya hadi kwenye kompyuta ya mwenyewe. Programu ya bure iitwayo GoldenCheetah huzisoma faili hizo na kuchambua mwendo, moyo na nguvu za miguu papo hapo nyumbani. Kinachotakiwa ni nidhamu ambayo kila mtunza masjala anaijua: kupanga kwa tarehe, na kuweka nakala ya pili mahali pengine.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi hana budi kumwuliza muuzaji: je, kumbukumbu zangu nitazitoa mwenyewe, bila idhini ya mtu? Jibu likiwa hapana, kifaa hicho na kibaki dukani.