Jina la Kijana na Adabu ya Wakubwa

Wanafunzi wa sekondari wanaposhikana mashati njiani, aghalabu sisi wakubwa huuliza nani aliyeanza, kisha tukawaadhibu wote wawili. Walakini lau tungeuliza kilichosemwa kabla ya ngumi, tungekuta mara nyingi ni neno la dharau au uvumi uliozushwa mbele ya wenzao, na kijana wa miaka 15, asiye na shamba wala cheo, hana mali ya kuihami ila jina lake.

Ukali huo wa kupigania jina vijana hawakuzaliwa nao. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa 2011 ulibainisha kwamba takriban robo tatu ya vijana wa Kitanzania waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, na kiasi cha robo walitukanwa, walitishwa kuachwa, au walioneshwa na mtu mzima kwamba hawatakiwi. Mtoto aliyeitwa mpumbavu na mwalimu mstarini, shule nzima ikicheka, hujifunza kwamba hadhi hupatikana kwa kumfedhehesha mwingine. Naye, kwa kuwa hawezi kumlipa mwalimu, humlipa aliye mnyonge kuliko yeye, au huimeza izara ile, akakosa usingizi na hamu ya chakula, ilhali sisi twamsifu kwa utulivu.

Upareni twajua njia nyingine ya kujipatia taadhima. Katika msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kijana aliyezibua mfereji au kutoa tope katika ndiva, bwawa la maji ya kumwagilia, alionekana na kijiji kizima, na wazee wakalishika jina lake. Tena mwaka 1945, maelfu ya Wapare walipokusanyika Same kuikataa kodi iliyoitwa mbiru, walishindana na serikali ya kikoloni bila kushika silaha, hata kodi ile ikaondolewa; nani aliyethubutu kuwaita waoga?

Kwa hiyo naona wakuu wa shule wa wilaya yetu wawaonye wakosaji faraghani, na kila mwanafunzi, hasa asiyeng'ara katika mitihani, akabidhiwe amana ya kweli, kama vile kitalu cha miche au ulinzi wa chanzo cha maji, atakayoisimamia na kusifiwa kwayo hadharani. Wako watakaosema huku ni kudekeza. Nami nawajibu kwamba fimbo na matusi tumeshavijaribu kwa vizazi kadhaa, na ugomvi haujapungua.