Tuliokuja Ubaruku, Twendeni Mkutanoni

Ndugu zangu tuliokuja Ubaruku kutafuta maisha,

Nawaandikia ninyi mliotoka Makete na Njombe, Rungwe na Kyela, Mufindi, Songea, Shinyanga na kwingineko. Nawaandikia ninyi mliokuja kupandikiza mpunga kwa msimu mmoja tu, halafu msimu ukazaa msimu, na sasa watoto wenu wanasoma shule za hapa na kukisema Kisangu cha michezoni. Mimi ni mmoja wenu. Sikuzaliwa katika wilaya hii ya Mbarali, lakini ugali wangu na wali wangu unatoka Mbarali.

Malalamiko yetu nayajua, maana yanasemwa kila jioni. Mwenye nyumba amepandisha kodi kwa sababu mavuno yamekaribia. Umeme umekatika, mashine ya kukoboa imesimama, na mpunga wa watu umerundikana. Kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria ya mama lishe, na masika vichochoro vinageuka madimbwi ya mbu. Mfereji umejaa chupa za plastiki. Maji yamegeuziwa kwa mwenye jina kubwa wakati majaruba yetu yanapasuka. Mnunuzi anataka lumbesa. Wakopeshaji wamechukua pikipiki ya kijana aliyebakiza rejesho dogo. Tunayasema haya kijiweni, kwenye benchi la wauza kahawa, chini ya mwembe mchana vibarua wanapopumzika.

Ni ya kweli yote. Lakini hayaishi, na sababu moja kubwa ni kwamba tunayasema mahali ambapo hakuna mtu anayeandika muhtasari. Neno la kijiweni likishasemwa halina namba ya ajenda, halina jina la aliyelisema, na hakuna kiongozi atakayeulizwa mkutano ujao amelifanyia nini. Mtu akituuliza kwa nini hatuendi kwenye mkutano wa kijiji, tunajibu kwa urahisi sana: mimi ni mgeni hapa, nimekuja kutafuta, mambo ya kijiji ni ya wenyewe.

Jibu hilo halina msingi wowote katika sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18. Haiulizi kabila, haiulizi umezaliwa wapi, haiulizi kama unamiliki nyumba au umepanga chumba kimoja uani kwa mtu. Mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika kijiji, na unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa, ushuru umekusanywa kiasi gani na umekwenda wapi. Ukikaa nyumbani siku hiyo, hakuna aliyekunyima nafasi. Umeiacha.

Na hebu tuliangalie vizuri hilo neno mgeni hapa Ubaruku. Wasangu ndio waliotupokea, na heshima yao haipunguzwi na lolote nitakalosema. Bonde hili la Usangu lina jina lao, na historia ya watemi wao, kina Merere, inajulikana mbali nje ya bonde. Lakini mpunga wenyewe, huu unaotuweka hapa sote, ulistawishwa kwa kilimo cha umwagiliaji na Wabaluchi, watu ambao asili yao ni ng'ambo ya bahari, waliokuja kuweka makazi upande wa Rujewa na kuchimba mifereji kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baada yao wakaja wafugaji na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Katika miaka ya 1970 likajengwa Shamba la Mbarali kwa msaada wa Wachina, zaidi ya hekta 3,000 chini ya shirika la umma la NAFCO, nalo likavuta wafanyakazi kutoka mikoa mingi. Shamba likaja kubinafsishwa, watu wakabaki. Ukiwaondoa wote waliokuja, na watoto wa waliokuja, soko la Ubaruku litabaki na watu wachache sana.

Wazee walituusia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulishapewa. Tumelima na kupandikiza, tumechomwa na miba ya mifereji, tumelipa ushuru wa mazao na wa meza za sokoni. Mtu aliyefanya hayo yote kwa miaka hawezi tena kujiita mgeni siku ya mkutano peke yake.

Wako watu duniani ambao ugeni wao ni wa kweli. Katika miji ya pwani ya Thailand, kama Pattaya na Phuket, wanaishi Wazungu wengi waliohamia huko kwa kupenda bahari na maisha ya bei nafuu. Nao wana malalamiko ya kila siku, na mengi tungeyatambua: takataka, kelele, umeme, pikipiki zinazoendeshwa ovyo, bei moja kwa mwenyeji na nyingine kwa mgeni. Lakini sheria za nchi ile haziwaruhusu kumiliki ardhi kwa kawaida, hawapigi kura, na mgeni anayeishi huko kwa viza ya muda mrefu anatakiwa kuripoti uhamiaji anapoishi kila baada ya siku 90. Mtu wa namna hiyo akinung'unika barazani namwelewa, kwa sababu hana kikao cha kwenda. Sisi kila baada ya muda kama huohuo, miezi mitatu, tunaitwa tukae tuamue, na hatuendi. Tumejivika wenyewe hali ambayo wengine wamewekewa na sheria.

Katika mambo ya kupeleka mkutanoni, nianze na lumbesa, kwa sababu hapo ndipo fedha yetu inapopotea waziwazi. Gunia la mpunga kwa hesabu ya hapa ni debe sita. Mnunuzi anakuja na gunia lililoshonewa kilemba, linaingia debe la saba, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Ukiuza magunia sita ya namna hiyo, umempa mtu gunia zima la saba bila kulipwa hata senti. Sheria ya vipimo ipo, Wakala wa Vipimo wapo, na ufungashaji wa mazao kwa gunia linalozidi kilo 100 umekatazwa. Lakini mkulima mmoja mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kumkatalia mnunuzi, kwa sababu anajua jirani atakubali kabla jua halijazama. Hapa ujasiri wa mtu mmoja mmoja hautoshi. Kinachotosha ni azimio la mkutano mkuu kwamba katika kijiji hiki mpunga unauzwa kwa mizani, na kwamba gunia lenye kilemba halitakatiwa risiti ya ushuru. Azimio likishaandikwa, yule mwenye mgonjwa anaweza kumwambia mnunuzi, siyo mimi, ni kijiji. Maneno hayo machache yana thamani ya gunia la saba.

Mikopo ya kausha damu nayo inatuumiza sisi zaidi ya wenyeji, kwa sababu sisi hatuna shamba la ukoo la kuegemea. Kina mama wanakopa asubuhi wakanunue mchele wa biashara, na kabla ya wiki kwisha mtu wa rejesho amekaa mlangoni. Wengine wanauza mpunga ukiwa bado jarubani, kwa bei ya njaa ya mwezi Februari. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Ni haki ya mkazi kusimama mkutanoni na kutaka wakopeshaji wanaozunguka mitaa yetu waonyeshe leseni hizo kwa mtendaji wa kijiji. Pia halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi hivyo huanzia hukuhuku chini, kwa watu wanaojulikana na viongozi wao. Mtu asiyejulikana na mwenyekiti wa kitongoji chake ataisikia mikopo hiyo redioni tu.

Sasa maji. Hapa naomba mnivumilie, maana ndiyo roho ya Ubaruku.

Wengi wetu tunalima mashamba ya kukodi. Ekari ni ya mtu, msimu ni wetu. Kwa hiyo ikitangazwa siku ya kusafisha mfereji tunasema shamba si langu, aende mwenye shamba. Mwenye shamba naye yuko Mbeya mjini au Makambako, anasubiri kodi yake. Mfereji unaota magugu, maji yanapungua mwendo, walio mwishoni mwa mfereji hawapati kitu, na usiku watu wanakwenda na majembe kufungua banio ambalo si zamu yao. Kila msimu kuna ugomvi, na miaka mingine kuna damu. Jumuiya za watumia maji zimeundwa kwa kazi hii hasa, kupanga zamu na kuamua migogoro, lakini zamu haiwezi kuheshimiwa na watu ambao hawakuwapo ilipopangwa. Aliyekodi shamba kwa msimu ndiye anayetumia maji hayo. Aende yeye akapangiwe zamu, aende yeye akapige jembe mferejini.

Tena maji haya hayaishii kwetu. Mto Mbarali unaingia Ruaha Mkuu, unapita ardhioevu ya Ihefu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ndipo unafika Mtera na Kidatu, mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 80 na megawati 204. Mbele zaidi Ruaha unaungana na Rufiji kabla ya ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na nchi nzima imekuwa ikitunyooshea kidole sisi watu wa Usangu. Tukitaka kujibu tuhuma hizo kwa heshima, tunahitaji jumuiya yenye watu, yenye kumbukumbu za zamu, yenye mifereji isiyomwaga maji porini. Tusipokuwa nayo, tutaamuliwa na watu wa mbali. Tuliona mwaka 2006 wafugaji wakiondolewa Ihefu na kuelekea Lindi na Pwani na mifugo yao. Uamuzi mkubwa ukishafika mlangoni ni vigumu kuanza kujipanga.

Na katika mfereji huohuo watoto wetu wanaoga. Kichocho kinaletwa na vijidudu vinavyokulia ndani ya konokono wa majini, kisha vinapenya kwenye ngozi ya anayekanyaga maji. Vinafikaje kwa konokono? Kwa mkojo na kinyesi cha binadamu. Ndiyo kusema kambi za vibarua zisizo na choo, zile tunazolala wiki nzima wakati wa kupandikiza, ndizo zinazowarudishia ugonjwa watoto wetu wenyewe. Dawa ipo na inatibu, lakini aliyetibiwa akirudi kwenye maji yaleyale anaambukizwa upya. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo kwamba mwenye shamba anayeleta vibarua wa kulala lazima awe na choo. Ni kazi ya shimo, matofali na siku mbili. Inahitaji mtu wa kusimama na kuisema, na anayestahili kuisema ni yule aliyelala kwenye kambi hizo.

Najua hofu zilizopo. Mwingine anahofu kuonekana mkorofi, kwamba mwenye nyumba atasikia amesema juu ya kodi na kumwondoa. Ndiyo maana nasema twende wengi. Mwingine anasema wenyeji watanuna wakituona tumejaa. Nimekaa na wazee wa hapa, na ninachokisikia kwao ni kinyume: wanalalamika kwamba akidi haitimii, kwamba watu wamejaa sokoni lakini mkutanoni wanabaki walewale wenye mvi. Twende kwa adabu, tusalimie, tukae, tusikilize kwanza. Hatuendi kunyang'anya uongozi wa mtu.

Kwa dada zangu nina neno la pekee. Anayepandikiza mpunga wa Ubaruku kwa sehemu kubwa ni mwanamke, anainama majini toka alfajiri. Mkutano ukiitwa saa nne asubuhi msimu wa kupandikiza, umeitwa bila yeye. Mtumeni mtu mmoja kwa mwenyekiti wa kitongoji, aombe mkutano uitwe saa kumi jioni, au siku ya mapumziko ya wengi. Ni ombi dogo na ni halali. Likikubaliwa, msibaki nyumbani.

Viongozi wa vijiji na vitongoji waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 watakaa miaka mitano. Bado kuna mikutano mingi ya robo mwaka kabla ya uchaguzi ujao, na kila mmoja una ajenda ya mengineyo hata kama mambo yetu hayakuandikwa juu.

Kwa hiyo wiki hii, kila mmoja wetu aende kwa mwenyekiti wa kitongoji chake, ajitambulishe kwa jina na mahali anapoishi, aandikwe kwenye daftari la wakazi. Aulize tarehe ya mkutano mkuu ujao, na akiambiwa haijapangwa, aombe ipangwe. Halafu awaambie wapangaji wenzake wa nyumba ile, bodaboda wa kituo chake, mama anayemuuzia chai, wenzake wa gengi la kupandikiza. Siku hiyo ikifika twendeni na mambo matatu: mpunga uuzwe kwa mizani, kila anayetumia maji ashiriki zamu na usafi wa mfereji, na kila kambi ya vibarua iwe na choo. Tusiondoke mpaka yameandikwa kwenye muhtasari na kusomwa mbele yetu.