Mnatukabidhi Mgonjwa, Ujuzi Mnabaki Nao

Siku mama aliporuhusiwa tulikodi teksi, tukamwingiza mikono minne. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kulia wote. Nilishika mfuko wa dawa na karatasi moja: vidonge vya presha asubuhi, vingine jioni, kliniki baada ya wiki sita. Basi. Jinsi ya kumgeuza, kimya. Jinsi ya kumlisha, kimya.

Siku ya tatu dada yangu alimnywesha uji akiwa amelala chali. Mama alipaliwa, akakohoa mpaka macho yakamtoka. Usiku homa ikapanda, tukarudi wodi ileile, sasa na nimonia. Daktari akamkaripia dada mbele ya watu: “Nani alikwambia umlishe amelala?”

Nami namuuliza daktari: nani alimwambia asifanye hivyo?

Kiharusi huweza kulegeza koo, chakula kikaingia mapafuni. Kila muuguzi amelisoma hilo chuoni. Mgonjwa apimwe kumeza kabla ya kijiko cha kwanza, aketishwe wima, alishwe polepole, asilazwe mara tu akimaliza. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo kifandugu na visigino huchimbika vidonda vinavyouguzwa miezi. Mambo haya hayahitaji mashine kutoka ng'ambo. Yanahitaji mtu amwonyeshe ndugu, kisha amwambie: haya, fanya wewe nikuone.

Mtasema wauguzi ni wachache. Ni kweli, nimemwona sista mmoja akihangaika na wodi nzima. Lakini ndugu tunafukuzwa getini kengele ya mwisho wa kuona wagonjwa ikilia, kama vile sisi ni kero, halafu siku ya ruhusa tunabebeshwa kazi yote ya muuguzi, bila hata somo moja! Tuingizeni wodini siku mbili kabla. Mgonjwa wa namna hii asitoke mpaka atakayemuuguza amemgeuza na kumlisha mbele ya sista.

Na akishatoka, asisahaulike. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Basi taarifa ya mgonjwa imfikie mhudumu wa mtaa wake siku ileile anayoruhusiwa, naye abishe hodi kabla kidonda hakijatoboka.

Kwetu anayemuuguza mama ni dada; genge lake limefungwa tangu mama aliporuhusiwa. Sisi ndugu zake wa kiume tunatuma pesa ya dawa na kujiona tumeuguza. Aibu hiyo ni yetu, siyo ya hospitali. Saa nane za usiku dada huamka, akamlaza mama ubavu wa pili na kumwekea mto katikati ya magoti. Alifundishwa na jirani aliyemuuguza mumewe miaka minne.